Firigisi na Wataalamu wa Nchi Nne

Jumatatu, 2 Juni
Bahati imebisha hodi Bugarama! Mkutano wa kata leo. Bibi Afya wetu, Aneth, katangaza kwamba nchi jirani zimechanga fedha, wafadhili wakaongeza, ili ugonjwa ukizuka kwetu wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wajue kabla haujawafikia. Ukiona mifugo inakufa ovyo, piga namba ya bure. Wataalamu watakuja. Wengine walisikia magonjwa. Mimi nilisikia wageni! Gesti yangu ina vyumba vitano, na mgeni wa mwisho alikuwa mchimbaji aliyeondoka na foronya. Mke wangu Paskalina kasema wiki hii ikipita bila mgeni, vyumba vinakuwa ghala la mpunga wa kaka yake wa Kagongwa. Pantaleo, mwenye gesti ya jirani, atacheka mpaka apaliwe. Haiwezekani.

Jumanne, 3 Juni
Mungu si Athumani! Kuku wetu watatu wanasinzia. Paskalina kasema ni mdondo tu, huja kila mwaka. Nikamwomba asiniharibie. Nikapiga namba, nikasema wanapukutika. Chumvi niliongeza, ndiyo. Kidogo. Baadaye Aneth kanipigia, sauti imembadilika: wataalamu wa nchi nne wako mkutanoni Geita, Alhamisi wanakuja kwangu, kuku wasiguswe. Nchi nne!

Jumatano, 4 Juni
Nimerudi na mashuka mapya ya maua. Harufu ya mchuzi! Ushahidi wote uko chunguni. Paskalina akauliza tangu lini kuku anayesinzia akaachwa afe bure. Nilikasirika sana. Kisha akanipakulia firigisi, haki ya baba mwenye nyumba. Hasira ikapungua.

Alhamisi, 5 Juni
Wamekuja! Nguo nyeupe mpaka kichwani. Mtaa mzima uzioni, Pantaleo mbele kabisa. Wameokota manyoya, wamewapima kuku waliobaki. Daktari kutoka Rwanda akauliza nani amekula wale wagonjwa, maana aliyekula habanduki hapa hadi majibu ya maabara. Nikafikiri haraka. Nikifungiwa, nani atapokea wageni? Nikasema sikuonja hata mchuzi.
Pantaleo akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mgodini, firigisi za nyumba hii siku hizi anakula nani.
Watu wakamtazama Paskalina. Wakanitazama mimi. Mwanamume ana heshima yake bwana! Nikapiga kifua, nikatangaza kwamba firigisi nilikula mimi Mayala, zote tatu, na maini juu. Nikashangiliwa! Tukafungiwa papo hapo, gesti na sisi.
Wataalamu wamelala kwa Pantaleo.

Jumapili, 8 Juni
Majibu yametoka: mdondo. Paskalina hajanyamaza tangu asubuhi. Aneth kanishukuru hata hivyo, anasema heri kupiga kelele bure kuliko kunyamaza. Wakati anatufungulia, lori la Kagongwa likapiga honi nje. Sasa vyumba vyote vitano ni mpunga hadi darini, na mashuka yangu ya maua yamefunika magunia. Nimelia. Kweli nimelia.
Lakini Aneth, akiaga, kaonya magunia yafungwe vizuri, panya wasije. Panya nao hueneza magonjwa, na mradi unawafuatilia sana. Nikamuuliza, nchi zote nne? Kasema zote.
Nimefungua gunia moja, la pembeni. Mashuka nimeyafua.