Tinga Yangu na Kondoo wa Kemboi

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo nimesimama kanisani. Ilibidi! Pasta ametangaza kwamba nyasi za uwanja wa kanisa zimefika magotini, na Jumamosi ndiyo harusi ya mwanangu Derrick na Jeruto. Hema zitasimama wapi? Kabla sijakohoa, Kemboi akainua mkono. Kemboi ndiye baba yake Jeruto, na boma lake limepakana na kanisa, seng'enge tu katikati. Eti ataleta kondoo wake waje kula nyasi hizo. Kondoo! Kwenye harusi ya mtoto wa karani mstaafu!

Watu wakaanza kumpigia makofi. Nikasimama. Nikawaambia kwamba Kitale si machungani, na kwamba mimi Wabwile nina tinga ya kukata nyasi, ile ya kukalia, yenye usukani na gea. Uwanja wote nitaumaliza nikiwa nimeketi. Makofi yakahamia kwangu. Kemboi akatabasamu. Silipendi tabasamu lake. Ni la mtu anayejua kwamba utakuwa mkwe wake mpaka kifo.

Nakhumicha, mke wangu, hakupiga makofi. Njiani akaniuliza kama nakumbuka tinga iko wapi. Nakumbuka sana! Iko Kabuchai kwa ndugu yangu Wakoli tangu mwaka jana, kwa sababu yeye mwenyewe alisema stoo ni ya mahindi au ya chuma changu, nichague. Huyu mwanamke husahau upesi.

Jumatatu, 5 Mei

Kabuchai. Nimeonewa.

Niandike kwanza kwamba tinga hii niliihifadhi vizuri. Mzee aliyeniuzia kule Saboti alinipa maagizo mengi: nitoe petroli yote, nitoe betri, nikwangue nyasi zilizoganda chini, nifunge mashimo panya wasiingie. Maagizo ni ya watu wasio na akili. Mtu akisafiri humwaga maji ya tangi? Mimi niliifunika turubai. Halafu nikaipaka grisi kila mahali palipozunguka, palipoteleza na palipogusana. Hakuna atakayesema nilibana grisi.

Nafika bandani, nafunua turubai. Kuku! Ameketi kwenye kiti changu na kunitazama kama mimi ndiye mgeni. Nikanyoosha mkono nimtoe. Phelista, mke wa Wakoli, akatokea mbio na mwiko.

"Shemeji, hapana! Hiyo kuku inalalia mayai. Ukiitoa sasa vifaranga vyote vitakufa. Ama utalalia wewe?"

Nikamweleza kuhusu harusi. Akasema harusi ya Derrick ameiombea sana, lakini kuku hajaalikwa. Ndugu yangu, badala ya kunitetea, akatoa shauri: kiti kifunguliwe, kibaki na kuku. Kikafunguliwa! Wakakibeba wawili, polepole, kuku akiwa juu, kama wanambeba chifu. Nimebaki na tinga isiyo na kiti.

Jumanne, 6 Mei

Betri haina kitu. Nikamuuliza Wakoli. Akasema eti "hiyo betli" ilipiga spika matanga mawili na mkutano mmoja wa wazazi, na iliimba vizuri sana mpaka ikachoka. Anaongea kana kwamba amenifanyia heshima! Nikamwambia betri ilikuwa yangu. Akasema marehemu wote wawili walikuwa wa ukoo.

Panya wametafuna nyaya. Nimeziunga mwenyewe kwa karatasi ya nailoni. Petroli inanuka kama rangi ya milango. Phelista akashauri imwagwe. Imwagwe! Nimeongeza mpya juu yake. Ile ya zamani itachangamka ikipata wenzake.

Nimekodi pikapu kutoka Chwele, ikaja mpaka bandani. Dereva ametuazima umeme wa betri yake, tinga ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Kuku akapiga kelele huko alikohamishiwa. Phelista akanilaumu mimi.

Jumatano, 7 Mei

Nimeingia Kitale nikiwa juu ya tinga, tinga ikiwa juu ya pikapu. Nimepungia watu. Badala ya kiti nimefunga kreti ya soda kwa mpira. Imara kabisa.

Kemboi alikuwa langoni kwake. Akasalimu kwa adabu zote, akaniita mkwe, akauliza hali ya nyumbani. Kisha: "Na kiti, mkwe?"

Nikamjibu kwamba huo ni mtindo mpya. Akasema kama kuna shida kondoo wako tayari, si aibu. Aibu! Nani ametaja aibu? Nimeshindwa kula chakula cha mchana kwa hasira. Nilikula baadaye.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umechubuka.

Asubuhi kwaya ilikuwa imekuja kufanya mazoezi, Pasta alikuwepo, akina mama wa maua walikuwepo. Derrick na Jeruto pia. Nimepanda kreti. Betri niliichajisha jana dukani, na tinga imewaka kwa jaribio la kwanza! Nikazunguka uwanja kama waziri. Nilipogeuka kutazama kazi yangu, nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Hakuna hata unyasi uliokatwa. Visu vimeshika kutu na chini kumeganda matope na nyasi za mwaka jana, magumu kama sementi. Nani angejua?

Nikaongeza moto. Hapo ndipo waya nilizounga zikashikana na kitu, na mngurumo ukapanda wenyewe. Nikarudisha chini. Haikurudi! Nikakanyaga breki. Breki zikateleza. Niseme ukweli, ziliteleza kwa ulaini mkubwa, jambo linaloonyesha ubora wa grisi yangu.

Kwaya ikatawanyika, sauti ya nne wakiwa wa kwanza. Nikapita kwenye sukuma wiki ya Pasta. Nikasikia Derrick akipiga kelele, "Baba, ruka! Ruka, bana!" Niache mali yangu? Nikashikilia usukani mpaka seng'enge ya Kemboi. Nguzo mbili zikaenda. Kreti ikaenda. Mimi nikaenda. Tinga ikanasa kwenye nguzo ya tatu, ikazima.

Na kupitia pale nilipobomoa, kondoo wa Kemboi wakaingia uwanjani. Wote. Bila haraka.

Kemboi ndiye aliyeniinua. Akanipangusa koti. Hakucheka, na hilo limeniudhi kuliko kama angecheka.

Ijumaa, 9 Mei

Kondoo wamekula tangu jana. Uwanja uko kama zulia. Watu wanapita wakisema, "Kemboi amefanya kazi!" Kemboi! Nani alifungua njia? Kondoo hawawezi kubomoa seng'enge. Bila mimi wangekuwa bado upande wa pili wakitamani.

Nimemweleza Pasta hivyo. Akakubali kwamba kazi ni yetu sote, akanipa fagio, eti Kemboi ametoa kondoo, basi mimi nitoe mavi yao. Nimefagia kwa uchungu mkubwa.

Derrick akaja akachukua fagio la pili. Tukafagia pamoja. Nikamwambia nilitaka siku yake iwe na heshima, wakwe wasije wakafikiri ametoka kwa watu wasio na kitu. Akasimama.

"Baba, Jeruto hajawahi kuniuliza kama tuna tinga. Mimi nataka tu nikigeuka kesho nikuone umekaa hapo mbele na mama. Ukiwa mzima. Jana nilidhani umekufa."

Vumbi la mavi ya kondoo ni kali sana machoni.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekaa mbele. Nimefungwa bendeji lakini tai imenyooka. Derrick aligeuka, akaniona. Jeruto amependeza. Nakhumicha alilia, nami nikamshikia leso, na wakati mwingine nikaitumia mimi.

Halafu hotuba. Mshereheshaji akamshukuru Kemboi kwa uwanja, makofi ya dakika nzima. Nilikuwa nimeanza kuinuka kusahihisha, Nakhumicha akanikalia ncha ya koti. Kemboi akashika kipaza sauti, akasema uwanja huu umetengenezwa na baba wawili, mmoja akileta kondoo, mwingine akileta mlango. Watu wakacheka, wakapiga makofi, naye akanikumbatia mbele ya wote. Mtu afanye nini? Nikamkumbatia. Ni mkwe.

Maharusi wamepigwa picha kando ya tinga, pale pale iliponasa, ikiwa imefungwa riboni. Imetoka vizuri kuliko keki.

Jumapili, 11 Mei

Kemboi ameivuta tinga kwa ng'ombe wake, ameiweka kwenye zizi lake. Akauliza kama tuikwangue chini kwanza, maana ina matope na sukuma wiki. Nikamwambia hapana, matope huzuia kutu. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani amejifunza.

Jambo kubwa ni hili. Nimegundua kwamba watu wa huku wana mashine nyingi na hawana mtu wa kuzihifadhi. Nitafungua ghala! Baada ya ibada nimeongea na bwana mmoja kutoka Saboti, mgeni wa harusi, mwenye mashine mpya kabisa ya kupukuchua mahindi. Anakwenda kwa watoto wake Nairobi mpaka mavuno. Ataniletea kesho asubuhi. Nakhumicha bado hajaambiwa.

Yule bwana aliniuliza kama nina uzoefu wa kutunza mashine. Swali gani hilo! Nilimwonyesha bendeji.