Gurudumu la Haki Sawa

Jumatatu, 12 Januari

Ushindi! Kikao cha ukoo kimekaa leo sebuleni kwangu, hapa Ngagara, kuhusu posa ya Jimmy, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Jumamosi tunakwenda Mutakura kumwomba Chanelle kwa baba yake, Mzee Cirimwami. Swali lilikuwa moja tu. Nani atasema kwa niaba yetu? Mimi, Révérien, ambaye nimesoma kila gazeti la mji huu na kuyajibu mengi kwa barua? Au binamu yangu Libère, ambaye hotuba yake ndefu kuliko zote ilikuwa "Asanteni, mkae"?

Mtu akakohoa. Mke wangu Daphrose akakumbusha habari za Hugues.

Kila mara Hugues! Ni kweli nilimsemea Hugues, kijana mwingine wa ukoo, kwenye posa yake. Ni kweli baba wa msichana alisema ng'ombe wa mahari ni alama ya shukrani, nami nikamwonyesha, hoja baada ya hoja, kwamba hajui historia. Ni kweli tulirudishwa na bia yetu. Ni kweli Hugues hajaoa mpaka leo. Lakini hoja zangu hazijajibiwa na mtu!

Kisha likaja jambo la pombe. Kwetu msemaji haingii kwa wakwe mikono mitupu: pombe mbele, maneno nyuma. Dada yetu Caritas ameshakamua pombe ya ndizi kule Buterere, lakini itafikaje? Petroli hakuna. Magari yamelala kwenye foleni za vituo kama mbuzi wagonjwa. Libère akakuna kidevu, akasema baiskeli yake ni ya kumbebea mama yake tu. Mimi nikasimama: nina baiskeli!

Daphrose akaniangalia. Akamwangalia Libère. Akasema, haraka sana, kwamba basi ni haki: atakayeingia na pombe wakati wakwe wamekaa, huyo ndiye atakayesema. Wote wakapiga makofi. Jimmy pekee alishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha imemzidi.

Jumanne, 13 Januari

Kikwazo kidogo. Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu halibebi mzigo. Likiona gunia la mchele tu, linayumba. Mwaka jana lilivunjika nikiwa nimembeba mtu mmoja ambaye si mzito, na sitamtaja kwa sababu analala chumba hiki.

Nitajenga jipya. Kwa mikono yangu! Gurudumu litakaloishi miaka mingi kuliko mimi.

Asubuhi Mutakura, dukani kwa Waridi, ambaye huuza vipuri vya baiskeli na hajawahi kuuza bila kumcheka mnunuzi. Nikamwambia nataka kila kitu kizito. Rimu nzito. Habu nzito, ile ya katikati inayoshika ekseli. Na spoku, zile njiti zinazounga habu na rimu, nene kuliko zote, za pikipiki. Akauliza, "Papa Révérien, unajenga velo ao kamiyo?" Eti baiskeli au lori! Wateja wakacheka. Nikawaeleza kwamba nchi inaanguka kwa sababu ya watu wanaonunua vyembamba. Wakacheka tena, ila kwa heshima zaidi.

Nimefika nyumbani. Spoku za pikipiki haziingii kwenye matundu ya habu. Hata kwa nyundo.

Jioni nikarudi. Waridi alikuwa ameshaniwekea pembeni spoku za kawaida. Nikamwambia huo ni ujanja wa kibiashara. Akasema apana, ni matundu.

Jumatano, 14 Januari

Aibu ya hesabu, lakini si yangu! Habu ina matundu arobaini, rimu ina thelathini na sita. Nilipanga spoku zote asubuhi nzima na nne zikabaki hewani kama vidole vinavyoomba ruhusa ya kusema. Nikafikiria kuziacha hivyo, za akiba. Libère alikuwa akipita barabarani, akachungulia uani, akauliza kama ni mtego wa kuku.

Safari ya tatu dukani. Waridi akabadilisha rimu bila kuuliza neno, ishara ya mtu anayejua kosa lake. Halafu akaanza somo. Gurudumu la nyuma, alidai, lina upande wa cheni na upande usio na cheni. Za upande wa cheni lazima zikazwe zaidi, zile nyingine kidogo, ndipo rimu ikae katikati. Tena rimu ikiinama hapa, unakaza huyu, unamlegeza yule.

Nikamzuia hapo hapo. Kumbe! Kwa hiyo wa kulia avutwe mpaka alie na wa kushoto astarehe? Kwa kosa gani? Kwa sababu amezaliwa upande wa cheni? Nikasema mbele ya wateja wote kwamba sasa nimegundua kwa nini magurudumu ya mji huu hayadumu: yamejengwa juu ya upendeleo! Mimi nitajenga gurudumu la kwanza la haki sawa. Kila spoku, mizunguko ileile ya spana. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo.

Waridi akarudisha spana mezani. Akasema, "We fanya tu, papa. Mi nauza vyuma, siuzi akili."

Amekubali!

Alhamisi, 15 Januari

Limekamilika. Spoku zote zimekazwa sawasawa, hakuna iliyozidi hata nusu mzunguko. Nimelitazama likizunguka na machozi yakanilengalenga.

Linacheza kidogo. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mfano wa mtu anayerudi kutoka sherehe ya ubatizo. Pia limehamia kushoto na linasugua chuma cha baiskeli. Si kosa la gurudumu. Gurudumu liko sawa; baiskeli ndiyo imepinda. Nimekifunga kiti kuelekea kushoto ili na chenyewe kifuate.

Jimmy alikuja. Akasimama uani, akalitazama gurudumu, akaniita tonton, yaani baba mkubwa, kwa sauti ya mtu aliye hospitalini. Akauliza kama nisingependa kupumzika Jumamosi. Akasema Chanelle ndiye huyo huyo, hakuna mwingine, na kwamba baba yake Chanelle ni mtu wa hasira fupi. Nikamjibu kwamba nami nina hasira fupi, kwa hiyo tutaelewana. Akaondoka bila kumaliza soda.

Ajabu kubwa ya leo ni Daphrose. Mwanamke huyu ambaye kwa miaka yote ameiita baiskeli yangu "ile takataka" alizunguka gurudumu mara mbili, akalisukuma, akaliona likicheza, akatabasamu. Akasema ni zuri. Akasema nisiguse kitu, nisikaze chochote, nisimwulize fundi yeyote! Mwishowe, mtu ndani ya nyumba hii ananielewa.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeandika hotuba. Nimeanza na uhamiaji wa watu wa kale, nikapitia ng'ombe, nikamaliza na makosa ya wazi ya Mzee Cirimwami, ambaye wiki mbili zilizopita alisema kanisani kwamba vijana wa leo hawana adabu. Nitamrekebisha kwa upole, kabla ya kumwomba binti.

Nimemsomea Daphrose. Alilala ukurasa wa pili. Ni sauti yangu, inatuliza.

Mchana Libère ametoka nyumbani kwake na makreti mawili ya bia kichwani mwa mchukuzi, akielekea Mutakura. Nikamwuliza yanakwenda wapi. Akasema kwa rafiki. Maskini! Amekwisha kukata tamaa, anakwenda kunywa.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika na matope hadi magotini.

Asubuhi Buterere. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kando ya mashamba ya mpunga imekuwa uji. Caritas akanifungia madumu mawili ya pombe kwenye keria, akalitazama gurudumu, akafanya ishara ya msalaba. Nikapanda. Likaenda! Likalia, likasugua, likayumba, lakini likaenda. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walisimama kunitazama. Mmoja akapiga kelele kwamba mzee amelewa kabla ya kufika. Nikapunguza mwendo ili nimweleze habari ya haki sawa.

Hapo ndipo spoku ya kwanza ilipokatika. Tik! Upande wa cheni. Ya pili. Ya tatu. Nikasema moyoni, ni wachache wasioridhika, hawakosekani. Halafu rimu nzima ikajikunja kama bati lililoangukiwa na mwembe, na mimi nikakaa ndani ya mpunga na dumu mapajani. Pombe haikumwagika hata tone! Iandikwe.

Wale wanawake wakanivuta. Aliyesema nimelewa akabeba dumu moja, mimi jingine, baiskeli begani. Alicheka mpaka Mutakura. Njiani nilifanya mazoezi ya hotuba. Akaomba afadhali tuimbe.

Tukafika wameshamaliza. Wameshamaliza! Libère aliingia na makreti yake wakwe wakiwa wamekaa, akasimama, akasema tumekuja kwa heshima, tumemwona binti yenu, tunampenda, tunamwomba. Basi! Akakaa. Mzee Cirimwami akafurahi hadi akamkumbatia, akakubali pale pale. Posa nzima bila hoja hata moja!

Mimi nikasimama mlangoni, natiririka maji, na dumu langu. Chanelle akainuka, nikaona amekuwa akilia, lakini anacheka. Akaja akanishika mikono yangu yenye matope, akasema asante, tonton, asante sana kwa gurudumu. Watu wote wakapiga vigelegele. Mzee Cirimwami akaonja pombe ya Caritas, akasema hii ndiyo pombe, akanikalisha karibu naye. Nikafungua mdomo nimweleze lile la vijana na adabu. Daphrose akaweka mrija wa pombe mdomoni mwangu.

Jioni nzuri. Jimmy alicheza mpaka shati likachanika. Libère, kwa ukarimu wa mshindi wa bahati, akaniazima baiskeli yake nirudi nayo nyumbani.

Jumapili, 18 Januari

Nimetafakari. Asante ya Chanelle imenigusa: msichana wa kwanza mji huu kuona thamani ya wazo langu. Kwa sababu wazo halikushindwa hata kidogo. Lilishindwa gurudumu moja lenye haki ndani ya baiskeli iliyobaki na dhuluma. Gurudumu la mbele halikuwahi kuguswa!

Jimmy amesema siku ya harusi atanipa kazi kubwa ya kulinda viatu vya wageni. Nimemwambia hotuba iko tayari, nimeongeza kurasa.

Baiskeli ya Libère iko uani. Inatembea vizuri mno, jambo ambalo lilinitia shaka. Nikapapasa spoku zake za nyuma. Kama nilivyodhani: za upande wa cheni zimekazwa kikatili! Maskini viumbe hivi. Libère anakuja kuichukua baada ya misa, ampeleke mama yake Buterere kwa Caritas. Atashangaa. Spana ninayo mkononi, nimeshawasawazisha nusu.