Bomba Langu Mbele ya Kamati

Jumatatu, 3 Machi

Habari imefika! Kamati inayoandika sera mpya ya afya ya vijijini inakuja kwetu Ijumaa. Itakagua zahanati, itasikiliza wauguzi, kisha itateua mmoja akatusemee mbele ya baraza mjini. Mmoja tu. Nimejitazama kwenye kioo cha dirisha la chumba cha sindano. Sura ipo. Sauti ipo. Suti ya harusi ipo, ikikubali kufungwa.

Tatizo ni mkunga. Wauguzi hapa tuko wawili, mimi na yeye. Watu wanamwita Mama Ndoo, kwa sababu kila mjamzito anaambiwa siku ya kujifungua aje na ndoo yake ya maji. Zahanati haina maji. Yanatoka mtoni, juu ya vichwa vya mashangazi na waume wanaoona haya. Mama Ndoo anataka kuieleza kamati hivyo hivyo, bila kupaka rangi. Nimemwuliza kwa nini atuaibishe mbele ya wageni. Kasema aibu ni kumpokea mtoto duniani kwa maji ya kikombe. Hana kabisa lugha ya kiofisi.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza wakati nafunga vidonda. Kamati haiwezi kumteua muuguzi wa zahanati chakavu. Zahanati ikipendeza, muuguzi atapendeza. Rahisi!

Nimechukua mapazia ya sebuleni kwetu. Mke wangu kauliza yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakwenda kulitumikia taifa. Kasema yakirudi yawe yamefuliwa.

Ndoo zote za Mama Ndoo nimezitupia stoo. Zinaharibu sura ya wodi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimejipita mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni fundi bomba. Nimemwita afunge sinki na bomba jipya kwenye wodi ya wazazi. Kauliza paipu iko wapi. Nikamweleza kwamba bomba hili si la kutoa maji, ni la kutazamwa. Akanitazama kama anavyonitazama tangu nilipomposa dada yake. Lakini kafunga: skrubu, gundi, kazi imekwisha. Linang'aa! Nimelisugua mpaka naiona pua yangu.

Bibi mmoja aliyekuja kwa maumivu ya goti kalifungua, kasimama. Kauliza maji yanatoka saa ngapi. Nikamwambia yako njiani. Kasema basi atayangoja. Kayangoja kweli, mpaka tunafunga milango. Kaniaga kwa jicho la upande.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Ndoo kaliona. Kaligonga kwa kucha, kacheka puani, kaenda zake. Wivu huo.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya mke wangu. Kalala kwenye utangulizi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku gani hii!

Kamati ilifika asubuhi. Mwenyekiti ni mama mnene mwenye miwani, mpole, anayeuliza maswali mafupi. Nikawapokea kwa suti (kifungo kimoja kilikataa). Nikawakalisha chini ya mapazia yangu, mezani chupa za maji ya kunywa, baridi kabisa. Mambo yakaenda vizuri mno. Mwenyekiti akasema hajapata kuona zahanati ya kijijini nadhifu hivi, na kwamba hapa inaonekana hakuna shida ya maji, basi waandike hivyo waende kwingine. Nikatabasamu. Mama Ndoo akafumba macho.

Hapo hapo akaingia kijana mmoja, mkewe kashikwa na uchungu, yeye kabeba ndoo kichwani. Ndoo! Mbele ya wageni! Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza aimwage, sisi siku hizi tuna bomba. Akachungulia wodini, akaliona linavyong'aa, akafurahi, akamwaga yote kwenye maua.

Mtoto hakungoja. Alipotoka, Mama Ndoo alikuwa na sabuni mpaka viwikoni na akaita maji. Akaita tena, sauti ile ambayo hata mimi naitii. Mwenyekiti, mtu wa kusaidia, akakimbilia bomba. Akafungua. Hakuna kitu. Akalizungusha kwa nguvu. Likang'oka, akabaki nalo mkononi, nyuma yake ukuta mtupu na gundi ya shemeji.

Nikataka kueleza. Mama Ndoo akasema nitaeleza baadaye, sasa nilete chupa. Basi mtoto kaogeshwa kwa maji ya kunywa ya kamati, na wajumbe wamerudi mjini na kiu. Mtoto mzima, mama mzima. Kijana kaniuliza kwa adabu kama maji ya ndoo yake nayo yatalipwa na kamati.

Mwenyekiti akakaa na Mama Ndoo kitandani, akamwuliza mambo ya maji, moja baada ya jingine. Akajibiwa bila kupakwa rangi. Nadhani ameshateua.

Jumamosi, 8 Machi

Kateuliwa yeye. Anakwenda barazani na bomba langu kwenye mkoba. Langu! Shemeji kapata habari, anacheka mpaka anakaa chini. Mke wangu kauliza pazia la kushoto liko wapi. Nimemwambia amefunikwa nalo mtoto wa jana. Kasema hilo lisirudi.

Jumatano, 2 Aprili

Mama Ndoo karudi. Aliliweka bomba mezani mbele ya baraza, akawaomba walifungue. Hakuna aliyecheka. Sera mpya imeandikwa: hakuna zahanati ya kijijini itakayozalisha bila maji ya bomba. Mafundi wameanza kuchimba mtaro mpaka kwetu. Wanawake wanampigia vigelegele Mama Ndoo njia nzima. Mimi hakuna anayenipigia, ingawa bila bomba langu angeonyesha nini pale? Angenyoosha mkono mtupu?

Nimemweleza hivyo. Kasema kweli kabisa, asante sana, Mheshimiwa. Sikupenda alivyolitamka hilo la mwisho.

Si kitu. Mwezi ujao inakuja kamati nyingine, ya umeme. Hatuna umeme. Nimeshamwita shemeji apigilie swichi kila chumba, nyeupe, za kisasa. Safari hii nimekumbuka kumwambia aongeze gundi.