Viti Mia na Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa! Mkurugenzi ametangaza kwamba ukumbi wetu unafunguliwa Jumamosi, na kila mgeni atachagua kiti chake kwenye skrini. Safu kumi na mbili, kila safu viti kumi. Atakayeandika programu hiyo ndiye mkuu mpya wa kitengo. Taratibu, jirani yangu wa meza, akaanza kusafisha koo ili aseme. Mkono wangu ulikuwa juu zamani. Koo lake limebaki safi bure! Nimeahidi kazi iwe tayari kesho mchana. Lugha yetu mpya ya kompyuta, ya kuchorea skrini, haina makuu: unaitajia unachotaka kionekane, inakichora yenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Niliandika orodha kumi na mbili za viti, nikazitia zote ndani ya orodha moja kubwa. Nikabonyeza. Viti mia na ishirini vikatoka mstari mmoja kama siafu, vikatokomea nje ya skrini! Kumbe lugha hii haikubali orodha ndani ya orodha. Inazimwaga zote pamoja. Mkurugenzi, aliyekuwa mgongoni kwangu, akauliza kama ukumbi umegeuzwa treni. Nikamwambia huo ni mwonekano wa ubavuni. Akaondoka akitikisa kichwa. Taratibu, kwa ile sauti yake ya maji ya mtungini, akasema angeweza kunisaidia. Nikamjibu asante kaka, msaada nimeshiba.

Jumatano, 5 Machi
Nilikwenda dukani kwa dada, muuza mayai. Kulalamika, si kununua. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kupanga. Akasema, “Mdogo wangu, mayai ukiyamwaga kwenye boksi unapata uji. Yatie kwenye trei kwanza, halafu uzipange trei.” Nikamkumbatia. Mayai mawili yakavunjika, si kitu.
Mbio ofisini! Nimeunda kitu kiitwacho Safu, chenye viti vyake kumi tumboni. Kisha orodha ya Safu kumi na mbili. Lugha inaziona Safu tu, ya tumboni haiyagusi. Nikabonyeza. Ukumbi mzima, umenyooka kama rula! Wenzangu nimewaambia wazo lilinijia bafuni. Dada hafanyi kazi hapa, hatadhurika.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu si Athumani! Nimepewa pia kazi ya kugawa viti vya wafanyakazi. Safu mbili za mbele nimezigusa kwenye skrini na kuzifungia ofisi, mgeni asizibonyeze. Ofisi nzima nimeiandikia safu ya 1. Mkurugenzi kiti cha 5, mimi cha 6, bega kwa bega. Ya pili ni akiba. Na Taratibu? Peke yake, safu ya 12, nyuma ya nguzo. Akaangalie saruji.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Ingawa ulipita njia ya panya. Tulipoingia, safu ya 1 ikawa ya pili kutoka mbele. Ile ya mbele kabisa, tupu, inang'aa. Mkurugenzi akanitazama kwa jicho la kunitoa ngozi. Taratibu naye kasimama mlangoni, tiketi yake haina kiti. Akaninong'oneza kwamba lugha hii huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo ya mbele ni safu ya 0, ya mwisho ni ya 11, na safu ya 12 haipo duniani.
Mara akatokea mwenye jengo, bila taarifa, na jamaa zake wanane! Ukumbi umejaa pomoni. Mkurugenzi akashika kichwa. Taratibu, kwa kuwa ndiye pekee aliyesimama, akawapeleka safu ya mbele, akakaa nao kwenye kiti kimoja kilichobaki, mbele yangu kabisa. Mwenye jengo akauliza kwa furaha nani alikuwa na busara ya kuwawekea safu nzima. Mkurugenzi akaninyooshea kidole. Nikasimama, nikainama, nikapigiwa makofi. Mkuu wa kitengo ni mimi! Onyesho lenyewe sikuliona vizuri. Taratibu ana kichwa kipana.

Jumapili, 9 Machi
Kazi mpya tayari: skrini ya maegesho ya magari, ghorofa tatu. Taratibu amenipigia, eti tukae tuzungumze kuhusu sifuri. Wivu huo! Ghorofa nitazihesabu kuanzia moja, na ile ya chini itabaki tupu kwa wageni wa heshima. Gari litakaloikosa ghorofa ya 3 litapata busara ya kutafuta pengine. Hesabu huanza na moja, hata mtoto wa chekechea anajua.