Mchezaji Wetu wa Ng'ambo

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata wazo! Kusema kweli limetoka redioni, lakini redio ni yangu, kwa hiyo wazo pia ni langu.

Nilikuwa namnyoa Mwalimu Kipkoech dukani kwangu. Huyu ndiye kocha wa timu yetu ya raga, Fahali wa Shinyalu. Alishuka hapa kitambo kutoka Nandi, kule kwenye milima ya chai, akaja kufundisha hesabu, akabaki. Mimi ndiye meneja. Redioni walikuwa wanabishana kuhusu timu ya taifa: kocha aite wangapi wanaocheza ng'ambo, na awaachie nafasi wangapi wa hapa nyumbani. Mchambuzi mmoja akasema siri ya ushindi ni uwiano. Uwiano! Neno tamu hilo. Nililirudia mpaka mashine ikamgusa mwalimu sikio. Akapiga kelele kidogo.

Nikamwambia timu yetu haina uwiano hata chembe. Wote ni wa nyumbani, ndiyo maana Mautuma hutupiga kila mwaka. Akajibu kwamba Mautuma hutupiga kwa sababu wao hufanya mazoezi. Walimu hawana upeo.

Jumamosi tunacheza nusu fainali na Mautuma tena, hapahapa kwetu, kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali. Mwenyekiti Onesmus ameshatangaza mbele za watu: tukifungwa, meneja atakuwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine namjua, ni yeye mwenyewe! Tangu nipate umeneja hata kanisani nasalimiwa kwa cheo. Siwezi kurudi kuwa Patroba kinyozi tu.

Lazima nipate mtu wa ng'ambo kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 3 Juni

Mungu si Athumani!

Nilienda soko la Iguhu kununua mboga. Selpher, mke wangu, anasema za Shinyalu zimeliwa na wadudu. Pale huuza Senje Kageha, shangazi wa soko zima, mama anayejua habari za kila boma. Nikamweleza shida yangu ya uwiano. Hakuacha kuchambua kunde. Akasema mtoto wa dada yake, Clifford, yuko ng'ambo, na "anachezanga raga huko mpaka watu wanaacha jembe."

Mfuko ukaniponyoka. Nikauliza ng'ambo ipi hasa. Akasema ng'ambo ni ng'ambo, kwani ziko ngapi? Mama msiri huyu. Anaogopa tutamwomba viatu. Nikauliza kama kijana huwa anarudi. Akasema hurudi mvua ikipungua. Nikaelewa palepale: ligi za huko huenda kwa majira. Na mbona hajaonekana siku nyingi? Akasema shida ni daraja. La zamani lilishuka lote, sasa wanangoja jipya.

Maskini! Timu yake imeshuka daraja. Hutokea hata kwa wakubwa.

Akasema mvua sasa imepungua, atampigia simu. Ijumaa asubuhi Clifford atakuja, na atapitia hospitali ya Iguhu. Hospitali! Vipimo vya afya kabla ya mechi! Watu wa ng'ambo hufanya mambo kitaalamu.

Nilisahau mboga. Tumekula obusuma, ugali mtupu, na chumvi. Selpher hakufurahi, lakini mimi sikuhisi tofauti.

Jumatano, 4 Juni

Mkutano wa kamati. Nilingoja wote wakae ndipo nikasimama. Nikatangaza. Onesmus alibaki mdomo wazi. Raha gani!

Akauliza huyo mgeni atacheza nafasi gani. Nikasema namba kumi. Mtu hawezi kuvuka bahari aje kusukuma skramu. Namba kumi ndiye anayeongoza mchezo, ndiye anayepiga mikwaju. Kamati ikakubali, isipokuwa Mwalimu Kipkoech, ambaye aliniuliza kwa upole kama nimemwambia Tevin.

Tevin ndiye namba kumi wetu. Pia ni ndugu yake Selpher. Jambo hilo nililifikiria baadaye kidogo.

Kijana huyo ni fundi wa matofali. Jioni akitoka kazini huja nyuma ya nyumba yetu, ambako amesimika mianzi miwili, hupiga mpira kati yake mpaka giza. Ukikosea unapiga bati la jiko letu. Siku hizi bati halilii sana. Nilimwita dukani, nikamweleza polepole: uwiano, shemeji. Hakubishana. Alikuwa amevaa jezi yake ya namba kumi ndani ya shati la kazi. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti changu cha kunyolea. Iliniuma, nakiri. Kisha mteja akaja akaikalia.

Selpher aliniuliza kama aliyoyasikia ni kweli. Nikamweleza uwiano kwa kutumia ndizi, hizi za nyumbani, hizi za ng'ambo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi sawa."

Mke akisema basi sawa, mwanamume mwenye akili hutafuta pa kulala.

Alhamisi, 5 Juni

Selpher amechinja jogoo! Nikajua nimesamehewa. Nikanawa mikono mapema. Tevin naye alialikwa, nikaona ni vizuri, tupatane.

Sasa, kwetu hata mtoto mchanga anajua imondo ni ya nani. Ikipikwa ingokho, yaani kuku, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hakuna mjadala. Selpher akafunua sufuria, akaitoa imondo kwa kijiko, akaipitisha juu ya sahani yangu, juu kabisa, nikaisikia harufu yake, akaiweka kwa Tevin.

Nyumbani kwangu! Mbele ya macho yangu!

Tevin akaniangalia. Akaiangalia imondo. Akaila, taratibu. Nikamuuliza mke wangu hii ni sheria ya wapi. Akasema ni uwiano: wa nyumbani naye apate kitu. Mimi nikapata shingo.

Sina kinyongo. Mtu mkubwa hudharauliwa kwao. Baada ya kula nilienda kuwaona wapiga isukuti, ngoma zetu za sherehe, nikawaambia kesho tuna mapokezi. Nimeandika bango pia: KARIBU NYUMBANI CLIFFORD. Herufi za mwisho zimebanana kidogo, lakini jina linasomeka. Nimenunua mkate na soseji pia, maana sijui kama mtu wa huko bado anaweza obusuma.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika polepole. Siku imekuwa na mambo.

Tulifika lango la hospitali ya Iguhu mapema. Mimi na tai shingoni. Wapiga isukuti na ngoma zao. Onesmus, aliyekuja kuona kwa macho yake. Mwalimu Kipkoech, na Tevin, ambaye mwalimu alimwambia aje hata kama hataki. Kila gari tulilinyooshea shingo. Likatoka moja jeupe, ndani mtu mwenye miwani myeusi na begi kubwa. Nikapunga mkono, ngoma zikalipuka! Kumbe ni mzee aliyeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji wa macho. Alifurahi sana. Alitaka kushuka acheze, binti yake akamkatalia.

Ndipo akafika Senje Kageha na kikapu chake. Akaniuliza mbona natazama barabarani. Clifford si huyo anakuja? Akaelekeza kidole upande wa chini, kwenye mto Yala.

Kijana mrefu alikuwa anapanda njia ya miguu. Suruali imekunjwa juu ya magoti. Viatu vya raga vinaning'inia shingoni. Matope mpaka mapajani.

Nikamuuliza Senje, kwa sauti ya chini, ndege ilimshusha wapi. Akaniuliza ndege gani tena. Kijana anaishi ng'ambo. Ng'ambo ya mto! Mvua kubwa ilipokuja, daraja la miguu lilibebwa na maji, na jipya halijajengwa. Amevuka leo kwa sababu mto umepungua. Na hospitali ndiyo njia ya watu wote wa upande ule.

Onesmus alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Mwalimu Kipkoech aligeuka akawa anasoma kibao cha hospitali, mabega yakimtetemeka. Nikawaambia mimi sikusema ng'ambo ya bahari, nilisema ng'ambo tu. Onesmus akanikumbusha nilivyosema mtu hawezi kuvuka bahari aje kusukuma skramu. Nikasema hiyo ni methali.

Clifford mwenyewe ni kijana wa adabu. Alinisalimia kwa mikono miwili, akalisoma bango, akanishukuru. Akasema hajawahi kupokewa hivyo hata siku moja. Kisha akala mkate wote na soseji. Wapiga isukuti wakasema waliitwa wapige, kwa hiyo watapiga, wakatusindikiza kwa ngoma kutoka Iguhu mpaka tukafika Shinyalu. Watu walitoka majumbani kuuliza nani ameoa.

Jioni nilimsikia Selpher na Tevin jikoni wakicheka mpaka wakakohoa. Acha wacheke. Afadhali kicheko kuliko basi sawa.

Jumamosi, 7 Juni

Siku kubwa!

Asubuhi Mwalimu Kipkoech alikuja kuchukua jezi. Hakuniuliza lolote. Namba kumi akampa Tevin, jezi ya winga akampa Clifford. Akasema wa nyumbani aongoze, wa ng'ambo akimbie. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Akaendelea kugawa jezi.

Uwanja ulifurika! Sijawahi kuona umati kama huo, hata mafahali wakipigana. Ngoma za jana zilikuwa zimefika kila boma, wote wamekuja kumwona mchezaji wa ng'ambo. Hata waliojua ng'ambo ipi walikuja.

Mautuma ni vijana waliolelewa kwa mahindi, wapana kama magunia. Walituongoza tangu mwanzo. Wakati wa mapumziko nikapata mbinu. Nikamwambia Clifford aongee kwa pua kidogo, Mautuma wadhani wanacheza na mzungu mweusi, waingiwe na hofu. Akajaribu, kijana wa watu. Mlinzi wao akamjibu kwa Kiluhya kwamba anamsalimia sana mama yake. Walisoma darasa moja.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Onesmus alisimama karibu nami, ametulia, kama mtu anayejipimia kiti. Ndipo Tevin akapata mpira katikati. Hakukimbia nao. Aliupiga kwa mguu, mrefu, kuelekea kona ya kushoto, penye mashimo ya kwato za mafahali. Sisi tunayajua mashimo hayo. Mpira ukaangukia shimoni, ukaruka upande usiotarajiwa. Mautuma wakaenda huku, nao ukaenda kule. Clifford alikuwa kule. Mtu aliyezoea kukanyaga mawe ya mtoni hatelezi. Trai, pointi tano!

Tukabaki nyuma kwa pointi moja, na mkwaju wa ziada mkononi mwa Tevin. Kutoka pembeni kabisa. Kabla ya kupiga aligeuka akanitazama. Sikujua anafikiria nini. Niliingiwa na hofu, na kwa mara ya kwanza wiki hii haikuwa ya umeneja. Niliwaza ile jezi kwenye kiti changu. Niliwaza, akikosa, ni mimi niliyemvunja moyo. Nikajikuta nasema kwa sauti: shemeji, ni bati la jiko tu!

Akacheka. Akapiga. Ukapita katikati!

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Selpher alichinja jogoo mwingine. Imondo aliikata vipande viwili, kimoja cha Tevin, kimoja cha Clifford, akasema huo ndio uwiano. Mimi nikapata shingo tena, lakini safari hii aliongeza bawa. Onesmus naye, shingo upande, akatangaza kwamba nitaendelea kuwa meneja, maana umati kama ule haujawahi kuonekana. Ila nikaapishwa mbele ya wote: hakuna tena kuleta watu wa ng'ambo bila kuuliza vizuri. Nikaapa kwa moyo mweupe.

Jumapili, 8 Juni

Amani tele. Kanisani wamenisalimia "meneja wa ng'ambo", hata pasta. Nimejifunza mengi wiki hii. Kubwa zaidi ni hili: mtu aulize vizuri.

Na nimeuliza! Baada ya ibada, Jerotich, mke wa Mwalimu Kipkoech, naye wa kule Nandi, alinipongeza, akasema hata kaka yake Kibiwott anacheza raga, "anakimbianga mpaka hata mbwa wanachoka." Fainali ni wiki ijayo. Lakini nilikumbuka kiapo changu, nikahoji kama hakimu. Je, huyo Kibiwott yuko ng'ambo ya mto? Akasema hapana, hakuna mto wa kuvuka. Basi yuko wapi? Akasema yuko huko juu.

Juu. Majuu!

Sikushangilia. Nikauliza hali ya hewa. Akasema ni baridi, asubuhi ukungu mtupu, na watu wa huko kutwa ni chai tu. Baridi, ukungu, chai. Nani asiyeijua Uingereza? Nikauliza la mwisho: anaweza kufika lini? Akasema atashuka Ijumaa. Atashuka! Ndege ndiyo hushuka.

Nimeshawapigia simu wapiga isukuti. Bango nitalitumia lilelile, nibandike jina jipya juu. Bado sijamwambia Tevin. Yuko nyuma ya nyumba, namsikia anapiga mpira.

Selpher amenikuta nikinong'ona kwenye simu. Ameniuliza kuna nini. Nimemwambia ni mambo ya uwiano.

Amesema basi sawa.