Dirisha la Chumba cha Giza

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Majengo ya Chuo
(na kwa kuwa umemwoa dada yangu, kwa Shemeji pia),

KUHUSU: JENGO JIPYA LA KUFUNDISHIA UPIGAJI PICHA, NA AIBU ZAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekalia kiti chako kile kinachozunguka, na kwamba safari hii kitazunguka kuelekea upande wangu. Mimi ni mkuu wa Idara ya Upigaji Picha, jambo ambalo wewe unalijua lakini Kamati yako hulisahau kila tunapokaa kikao. Nakuandikia kwa heshima zote, yaani zile zilizobaki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Msanifu wenu, ambaye wanafunzi wangu wamekwisha kumpa jina la Bwana Vioo, alituletea mfano wa jengo uliotengenezwa kwa kadibodi na plastiki. Akauweka mezani kati ya chupa za maji, na wajumbe wakausifu kana kwamba kazaliwa mtoto. Jengo zima ni kioo. Kuta kioo, ngazi kioo, hata choo cha wahadhiri, kama sikukosea, ni kioo kuanzia kifuani kwenda juu. Ukumbi wa maonyesho umeelekezwa kwenye jua la mchana, ili picha tutakazotundika muhula ukianza ziwe zimepauka kabla haujaisha. Katikati ya studio imesimama nguzo nene. Nilipouliza inafanya nini pale, Bwana Vioo akasema, "Mama, hiyo ndiyo inayobeba jengo. Anayepigwa picha anaweza kuiegemea."

Nikauliza chumba cha giza kiko wapi. Akainama, akachungulia ndani ya jengo lake mwenyewe kama mtu aliyedondosha kifungo, kisha akacheka. "Mama yangu, hii ni karne ya mwanga. Giza la nini?" Wajumbe wakacheka naye. Wewe pia ulicheka, Shemeji. Nilikuona, kazi yangu ni kuona.

Basi nikaeleza polepole, kama ninavyowaeleza wa mwaka wa kwanza, kwamba mkanda wa picha ukiguswa na mwanga kabla haujasafishwa, umekufa, na hauna daktari. Bwana Vioo akachora kwa penseli kijichumba chini ya ngazi, jirani na mafagio. Nikashukuru. Sikujua kwamba nashukuru mapema.

2. Hapo ndipo aliposimama Mlezi wa Wanafunzi, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameshughulika na biskuti. "Hebu ngojeni," akasema. "Chumba kina giza totoro. Mlango unafungwa kwa ndani. Vijana wa kike na wa kiume humo humo. Wanakaa, wanakaa, halafu wanatoka mmoja mmoja wakipepesa macho. Mimi nimelea watoto wa watu, sidanganyiki. Humo kinasafishwa nini?"

Nikamjibu, "Picha."

Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote."

Watu wazima, wenye shahada na wajukuu, wakatikisa vichwa kwa pamoja. Ikaamuliwa kwamba mlango wa chumba cha giza uwe na dirisha la kioo lisilo na pazia, na taa ya korido iwake wakati wote. Ukafunga kikao kwa maneno uliyoyaona mazito: "Asiye na hatia haogopi mwanga." Shemeji, karatasi ya picha haina hatia yoyote, na inaogopa mwanga kuliko wewe unavyomwogopa dada.

3. Hili la tatu nitaliandika bila mzaha, kisha nitarudi kwenye dharau zangu.

Yuko mwanafunzi wa mwaka wa mwisho tunayemwita Kimya, kwa sababu maneno yake yote huyapeleka kwenye kamera. Likizo iliyopita alikwenda kwa bibi yake, aliyemlea tangu anatambaa. Akampiga picha akisuka nywele zake za mvi, akisinzia kitini, akicheka na ufizi mtupu. Bibi huyo hakuwahi kukubali kupigwa picha maishani mwake. Safari hii alikubali, tena akauliza akae vipi. Likizo haijaisha, akafariki.

Kimya aliniletea ule mkanda umefungwa ndani ya kanga ya marehemu. Akaingia katika chumba chetu cha giza cha sasa, ambacho kilikuwa stoo, akafunga. Mimi nikasimama mlangoni kama mlinzi wa benki. Haukupita muda, nikamwona Mlezi anakuja na tochi na ufunguo wa akiba. Alisema anafanya ukaguzi, ili Kamati ipate uzoefu.

Nikamzuia kwa mikono miwili. "Baba, nakuomba, subiri kidogo. Kuna mkanda umefunguliwa."

"Basi hapo ndipo pa kuingilia," akasema.

Akanisogeza kando, akafungua, akamulika kila pembe. Alimkuta binti mmoja, peke yake, ameshika mkanda mikononi, mdomo wazi. Tuliusafisha hivyo hivyo, mimi na yeye, maana mtu haachi kumwita mgonjwa hata kama hasikii tena. Ukatoka mweusi tii, mwanzo hadi mwisho. Mlezi, aliyekuwa bado yupo, akauinua kwenye mwanga na kusema, "Mbona hamna kitu? Kumbe mnamaliza dawa za chuo bure."

Mkanda mweusi, Shemeji, ukichapwa hutoa karatasi nyeupe. Kimya alichapa moja kubwa, nyeupe pe, akaitundika ukutani kwenye maonyesho ya idara na kuandika chini yake: "Bibi yangu, alivyoonwa na Kamati." Watu walisimama mbele ya karatasi ile kuliko mbele ya picha yoyote. Mlezi alipita, akasimama, akauliza mbona hatujaweka picha.

4. Kwa kuwa Kamati imegundua kwamba kinachofanyika gizani ni dhambi, namlaumu kila mjumbe kwa kuishia kwangu. Mbona wapishi wa bwalo wanaachiwa vifuniko vya sufuria? Wali unajifunika humo unafanya nini na mvuke? Mbona jokofu la maabara ya madawa lina mlango, na taa yake huzimika mlango ukifungwa? Nani amethibitisha kwamba inazimika? Na mbegu za shamba la chuo zinazofukiwa ardhini mbili mbili, dume na jike, mmewawekea wakulima dirisha?

Hata nyinyi wajumbe, mmoja mmoja, mlisafishwa gizani tumboni mwa mama zenu, na hakuna aliyekuja na tochi kukagua. Ingawa kwa baadhi yenu, nikiwatazama kikaoni, nashawishika kwamba mtu alifungua mlango mapema. Sisemi nani. Mwenye macho haambiwi tazama.

5. Kwa hiyo naomba rasmi yafuatayo. Jengo lijengwe bila dirisha hata moja, kuanzia msingi hadi paa. Bwana Vioo apigwe picha rasmi ya ufunguzi akiwa nyuma ya ile nguzo, ili kila mmoja apate anachostahili: sisi nguzo, yeye kujificha. Vikao vya Kamati vihamishiwe kwenye chumba cha giza, kwa kuwa maamuzi yenu tayari huchukuliwa katika hali hiyo. Na Mlezi aloweshwe kwenye beseni la dawa ya kusafishia picha hadi kitokee kitu. Kisipotokea kitu, tutajua kwamba na yeye aliwahi kumulikwa.

Naweka heshima yangu, cheo changu na jina la marehemu baba yetu, ambaye ni mkweo, kuwa dhamana: tangu chumba cha giza kianze chini ya uangalizi wangu, hakijawahi kufanyika humo chochote zaidi ya picha. Chochote. Anayesema vinginevyo alete ushahidi.

Nisalimie dada na umwambie lile blanketi nimelipata. Wasalimie watoto, katibu wa Kamati anayeandika kila kitu isipokuwa ninachosema, dereva wako, na mama wa chai, ambaye ndiye pekee anayebisha hodi kabla ya kuingia. Msalimie hata Mlezi, kwa mbali, asije akamulika.

Ni mimi, niliyechoka bila kushindwa,
Mkuu wa Idara ya Upigaji Picha,
shemeji yako.

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha, fundi wa maabara yangu akabisha hodi, nyuma yake msaidizi wangu wa kufundisha, wote wawili wakitazama sakafu. Wanaomba likizo ya kufunga ndoa, tena wanataka iwe upesi. Nilipomtazama yule binti msaidizi tumboni, kwa ubavu, sababu ya upesi niliiona bila dawa wala ile taa nyekundu ya chumba cha giza. Nikawauliza wamejuana vipi, maana ofisini hata salamu hawapeani. Fundi akajibu, "Humo humo gizani, mama. Si wewe uliyekataza watu wasifungue mlango?" Basi, Shemeji, lile dirisha liwekeni. Dogo tu. Na Mlezi asiambiwe ni mimi niliyekubali.