Vyakula vya Pont

Bienvenu alikuwa na jina la kukaribishwa, ingawa kuanzia Sake hadi Mweso hapakuwa tena na mlango uliomkaribisha. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kando ya barabara pale Mushaki, akitazama lori lililozama tope hadi tumboni. Watu walikuwa wakibishana ni nani anayeiua barabara yao kila mwaka: mvua, serikali, au shetani. Bienvenu alilijua jibu, kwani alilisikia redioni, na mtu wa aina yake akipata jibu hawezi kulikalia bure.

Haja alikuwa nayo. Kesho yake alitakiwa afike Mpofi kwa Papa Faustin, baba mdogo wa Estelle, akiwa na vyakula vya kuwalisha wakwe. Mara mbili alikwisha kwenda mikono mitupu na kisingizio kizuri. Papa Faustin alimwambia kwamba visingizio havipikwi, na kwamba kuna mwalimu wa Mweso anayemtaka binti, tena ana mbuzi. Na Bienvenu alimpenda Estelle kweli kweli. Mambo mengine yote ya maisha yake alikuwa ameyatia chumvi, lile hakuligusa.

Basi akaazima koti la rangi ya chungwa, akatafuta ubao, akaficha chini yake mizani ya kupimia watu, kisha akafunga kamba kukata barabara. Kwetu ukifunga kamba barabarani hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Wanakuuliza unataka nini. Lori la kwanza lilipokanyaga ubao, mizani ilikufa palepale na sindano ikalala upande wa mwisho. Tangu hapo halikupita gari ambalo halikuzidisha mzigo.

"Shida haiko muzigo yote," aliwaeleza madereva kwa upole wa daktari. "Shida iko ile yenye inakalia kila pont. Ukizidisha mara mbili juu ya pont moja, barabara haiumie mara mbili. Inaumia mara kumi na sita."

Kwa dereva, pont ni ekseli, chuma kile kinachoshika magurudumu huku na huku. Walimwelewa vizuri, na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu kila neno alilosema lilikuwa kweli. Uongo ulikuwa koti tu. Wakashusha "ziada": huyu mfuko wa viazi, yule jibini za mviringo za milima ya Masisi. Gari moja lililokuwa tupu lilishusha kuku. Kufikia mchana rundo lilikuwa limenona, na Bienvenu alishaanza kuchagua moyoni ni jibini ipi atamkabidhi Papa Faustin kwanza.

Ndipo likaja Fuso la Mama Adelaïde, mfanyabiashara aliyezeeka katika barabara ile. Mama akashuka, akautazama ubao, akalitazama rundo. Hakubishana. Aliamuru washushe magunia ya maharagwe, na juu yake akaongeza kidumu cha mawese na chumvi. Bienvenu akashangaa, maana chumvi hakuwa ameiomba.

"Watu hawakulake maharagi bila chumvi, chef," Mama akasema, kama anayeongea na mkuu wa kazi. "Hii vitu yote iko ya pont?"

"Yote, Mama. Ya pont."

"Asante. Nitaambia watu."

Na kweli aliwaambia. Alipanda mlimani hadi kwa Papa Edmond, katekista, akamweleza kwamba kuna bwana mwenye koti la chungwa anayekusanya vyakula vya pont. Sasa, kwa mtu asiyeendesha gari, pont ni kitu kimoja tu: daraja. Nao walikuwa nalo bondeni, kwenye njia ya kwenda malishoni, la miti, ambalo malori yalikuwa yamelitafuna hadi maziwa yakawa yanachacha ng'ambo. Tena desturi ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, inajulikana: anayewaita watu kazini ndiye anayewalisha. Penye chakula kingi namna ile, kazi imeshaitwa.

Bienvenu alikuwa bado anatafuta pikipiki za kubebea mali yake mlima mzima ulipomteremkia, wanaume na majembe na mapanga, akina mama na vyungu. Papa Edmond akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Papa, hii pont tuliingojea sana. Wengine walikuja kupima, wakaenda. Weye njo wa kwanza kuleta chakula."

Angefanyaje? Kukana kwamba vyakula si vya daraja kungemlazimu aseme ni vya nani, mbele ya mapanga yote yale. Akatabasamu. Akaombewa, sala ndefu, akitajwa kwa jina. Maharagwe yakainjikwa, jibini zikakatwa, kuku akasahaulika kama hakuwahi kuzaliwa. Naye, kwa heshima, akapewa ncha ya mbele ya gogo zito kuliko yote.

Jua lilipoanza kulegea daraja lilikuwa limesimama, na Fuso la Mama Adelaïde likawa la kwanza kuvuka. Mama alimpungia mkono. Papo hapo simu ikalia. Alikuwa Papa Faustin, anauliza vyakula vimefika wapi. Bienvenu, bega limemvimba, alivitazama vile vyungu vitupu na akakosa hata nguvu ya kutunga kitu.

"Papa, vyakula, watu ya Mushaki walikula yote," akasema. "Niko najenga pont."

Papa Faustin akasema kwamba vile visingizio vya zamani angalau vilikuwa na akili, akakata simu.